Damu Iliyobaki Kahawia

Siku ya kwanza nilidhani ni giza la bafu. Bafu letu la Pasiansi, pale Mwanza, lilikuwa la mabati, halina dirisha, na asubuhi ile mvua ilikuwa imefunga anga lote la ziwani. Nikakojoa kwenye sakafu ya saruji, nikaona maji yanayotiririka kwenda kwenye tundu ni meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Nikasogeza bati lililokuwa mlango ili mwanga uingie. Rangi ilikuwa ile ile.

Sikumwambia mke wangu, Sabina, habari ya mkojo. Nilimwambia tu kwamba kiuno kinaniuma kwa kubeba marobota, naye akanikanda kwa maji ya moto. Kufika jioni nikashindwa kupanda ngazi tatu za kibaraza chetu. Moyo ulikuwa ukidunda masikioni kama mtu anayetwanga nyumba ya pili. Sabina akanitazama machoni, akamwita jirani naye aje atazame, wakakubaliana kwamba yamekuwa ya njano. Neema, binti yetu wa miaka minne, akauliza kwa nini baba ana macho ya jogoo.

Nayaandika haya sasa kwa sababu nimepona, kwa kadiri mtu wa aina yangu anavyoweza kupona, na kwa sababu najua ziko nyumba ambamo haya haya yanatokea na watu wanatafuta mchawi.

Kabla ya kuuza mitumba nilikuwa mwalimu wa baiolojia. Nilifundisha sekondari miaka saba, kidato cha tano na cha sita. Notisi nilizitoa kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa, kisha nafunga mlango wa darasa na kuwaeleza wanafunzi kwa Kiswahili ili waelewe. Somo la DNA nililipenda kuliko yote. Niliwaambia kwamba ndani ya kila chembe ya mwili mna daftari kuu ambalo halitoki ofisini. Kinachotakiwa nje kinanukuliwa kwanza, ukurasa mmoja tu, na nakala ile ndiyo inayopelekwa kwa fundi. Fundi anaitafsiri, herufi tatu kwa mara moja, na kwa kila herufi tatu anatunga punje moja kwenye uzi. Uzi ukikamilika na kujikunja, hiyo ndiyo protini, na protini ndizo zinazotufanya tuwe hivi tulivyo, rangi zetu, urefu wetu, damu zetu. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, je, kama kwenye daftari kuu herufi moja imekosewa? Nikamjibu kwamba kosa litanukuliwa kama lilivyo na kutafsiriwa kama lilivyo, kwa kuwa hakuna anayejua kuwa ni kosa. Nikafuta ubao, nikaandika zoezi.

Katikati ya miaka ya tisini walimu wengi tuliacha kazi. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, mshahara haukufika mwisho wa mwezi, na mtu aliyeuza suruali za Ulaya barabarani alikula vizuri kuliko mwalimu mkuu. Mimi nilichukua nguo za watoto. Marobota niliyaweka chumbani tulimolala, maana hatukuwa na stoo. Kulikuwa na mende na panya, kwa hiyo nilinunua vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo, vinavyonukia kama sanduku la bibi harusi, nikavimwaga kila pembe. Sabina alilalamika kwamba vinampa kichwa. Nikamwambia atazoea.

Nilikuwa na mdogo wangu, Nyanjiga, aliyeolewa Kiseke na fundi mwashi wa Kisukuma aitwaye Masanja. Mwaka mmoja kabla sijaugua, Nyanjiga alijifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume, wakampa jina la baba yetu, Magesa. Mimi ndiye mjomba. Niliwapelekea nguo nzuri kuliko zote nilizowahi kupata kwenye robota: fulana nne, soksi za kufumwa, kofia, na blanketi laini la rangi ya maziwa. Nilizipeleka zikiwa ndani ya sanduku la bati, na vidonge ndani yake, ili zisiliwe na wadudu. Nyanjiga akamvalisha mtoto siku hiyo hiyo, kama zilivyo. Siku ya nane mtoto alikufa. Alikuwa ameacha kunyonya, akawa wa njano, akawa anajipinda mgongo kama upinde na kulia sauti nyembamba. Wengine walisema pepopunda, wengine degedege. Wanawake walimzika nyuma ya nyumba, nasi wanaume tukakaa mbele tukizungumza habari za saruji. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu, mimi mwalimu wa baiolojia, na sikuona kitu.

Sasa nirudi kwenye ugonjwa.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi toka saa moja asubuhi mpaka saa saba. Ilikuwa imeanza ile desturi ya mgonjwa kuchangia, kwa hiyo Sabina alikuwa akitoka kununua glavu, akirudi anaambiwa bado sindano, anatoka tena. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta. Mama mmoja asiyenijua alinivua viatu akaniwekea miguu juu ya kikapu chake cha chakula. Sikumwona tena, na mpaka leo nikifikiria rehema namfikiria yeye.

Walipima malaria, hawakuona. Walipima tena, hawakuona. Daktari alikuwa kijana, mwenye sauti ya chini. Alifunua kope langu la chini kwa kidole, akatazama viganja vyangu vilivyokuwa vimepauka kama ugali wa muhogo, akasema damu yangu inavunjika yenyewe ndani ya mishipa, na rangi ile nyeusi ya mkojo ndiyo damu iliyovunjika. Kwa nini inavunjika, hakujua. Ilibidi niongezewe damu haraka.

Wakati ule kuongezewa damu lilikuwa neno la kutisha. Kila ukoo ulikuwa umeshazika vijana waliokonda, na watu walisema wazi kwamba ugonjwa ule unaingilia pia kwenye chupa za hospitali. Sabina aliuliza mara tatu kama damu imepimwa. Mara ya tatu nesi alimshika bega akamwambia, "Mama, imepimwa. Hata mimi ningemwekea mume wangu." Aliyetoa ni Masanja, shemeji yangu. Alikuja kutoka kazini na saruji imekauka mikononi, wakamwambia akanawe kwanza, akatoa, akarudi kazini.

Kisha figo zikaanza kugoma. Siku ya tatu nilitoa mkojo usiojaza kikombe cha kahawa. Daktari alituambia ukweli: pale hawakuwa na mashine ya kusafisha damu, kwa hiyo wangenipa maji ya mshipani, na tungengoja. Muuguzi mmoja mzee aliupima mkojo wangu kila mara kwenye chupa, akaziacha chupa zimejipanga dirishani ili daktari alinganishe rangi. Nililala nikizitazama. Ya kwanza nyeusi. Ya pili nyeusi. Ya nne kama togwa ya ulezi. Miguu ilivimba hadi alama ya kidole ilibaki shimo, na kwenye kinywa nilikuwa na ladha ya sarafu. Sikuwaza mambo makubwa kuhusu kifo. Niliwaza tu ile chupa ya tano.

Ya tano ilijaa nusu. Muuguzi aliinyanyua kwenye mwanga, akaitikisa kidogo, akanionyesha. Ilikuwa kama chai ya maziwa iliyotiwa maji mengi. Nililia mbele za watu wazima.

Mama yetu alikuwa amefika toka Majita siku ya pili. Kwetu ni kule Mara, ukingoni mwa ziwa, watu wa muhogo na dagaa. Alikuja na sufuria yake, unga wake na chumvi yake. Sabina alimpigia magoti, akasema shikamoo mama; mama akaitikia marahaba huku anatazama pembeni. Toka siku ile chupa ya uji ya Sabina ilibaki imejaa. Mama alinilisha kwa mkono wake, na chakula cha Sabina alikimwaga nje kwenye majani. Neno uchawi hakulitamka, wala sumu. Alichosema ni kwamba mtu mzima hakojoi damu bila kulishwa kitu, na kwamba mimi nilikuwa nakula kwa mwanamke mmoja tu.

Nami nilinyamaza. Ugonjwa huu umenifanyia mengi, lakini hilo nililifanya mwenyewe. Nilijua Sabina hana kosa. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa naogopa, na sehemu moja ndogo ya moyo wangu, ambayo hakuna shule iliyoifikia, iliuliza kama mama hajui jambo.

Siku niliporuhusiwa, Sabina alikuwa ameshafunga nguo zake na za Neema. Aliniambia polepole, mtoto akiwa mgongoni, "Baba Neema, siwezi kumpikia mtu anayetazama sufuria kabla hajanitazama mimi. Na wewe umelala hapo ukiona." Akaenda kwao Sengerema kwa pantoni ya mchana. Sikumsindikiza. Sikuwa na nguvu ya kufika getini, na huo ndio udhuru nilioutumia.

Kabla sijaondoka hospitalini, mtaalamu wa maabara aliniita. Alikuwa mama wa Bukoba aitwaye Generosa, mtu wa maneno machache. Alikuwa amesikia habari za mkojo wangu na alikuwa na wazo. Alichukua damu yangu, akaichanganya na dawa mbili tatu kwenye kichupa cha kupimia, akaiacha kwenye maji ya vuguvugu saa tatu. Ikawa nyekundu. Alionekana kama mtu aliyepotea njia. Kisha akanieleza kwamba jibu hilo halimtoshi. Chembe nyekundu nilizokuwa nazo sasa zilikuwa changa, zile kuukuu zimeshavunjika zote, na zilizobaki nyingine ni za shemeji yangu. Damu changa hudanganya. Nirudi baada ya miezi mitatu, na katikati nisimeze dawa yoyote bila kumuuliza yeye au daktari.

Miezi mitatu niliimaliza Majita. Mvua za masika ziliisha, wakavuna muhogo, wakaanza kuumenya na kuuanika juu ya miamba. Nilikuwa natembea kwa fimbo kutoka nyumbani hadi ufukweni, hatua chache zaidi kila wiki, na kupumzika kwenye jiwe kati ya wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa. Nywele zilidondoka mbele. Suruali zangu nilizifunga kwa kamba. Mama alinipeleka kwa mganga, akanichanja kifuani na mgongoni, akasema jina la mbaya wangu linaanza na herufi ya S. Mama alinitazama. Niliyatazama maji, ambako magugu yalikuwa yamefunga ufukwe kiasi kwamba mitumbwi ilisukumwa kwa miti.

Mwezi wa Agosti nilirudi Mwanza peke yangu. Generosa alitoa damu mkononi mwangu, kisha akajitoa na ya kwake, ili awe na ya kulinganisha. Akaziweka sambamba. Nilikaa kwenye benchi la nje la maabara kwa saa tatu zile, kati ya mzee aliyeshika kopo la makohozi na msichana aliyekuwa akisoma Biblia kwa kunong'ona. Aliponiita ndani, ya kwake ilikuwa nyekundu ng'aavu. Ya kwangu ilikuwa imebaki kahawia, kama maji ya kuoshea kutu.

Alinieleza kwa maneno yangu mwenyewe, maana alijua nilikuwa mwalimu. Kuna kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu zisichomwe na vitu fulani. Ni protini, na maagizo yake yameandikwa kwenye DNA kama maagizo ya protini nyingine yoyote. Kwangu yameandikwa vibaya mahali. Yananukuliwa na kosa lake, yanatafsiriwa na kosa lake, kimeng'enya kinatoka dhaifu, na mtu anaishi miaka thelathini bila kujua mpaka siku anapokutana na kitu kinachochoma. Hakuna dawa ya kuliponya. Kuna kujihadhari tu. Akaniandikia karatasi: dawa za salfa, dawa fulani za malaria, dawa fulani za ukoma. Mstari wa mwisho ulisema vidonge vyeupe vya kuwekea nguo.

Nilicheka. Nataka msomaji ajue kwamba nilicheka kwa raha. Nilimweleza Generosa habari za marobota na chumba tulimolala, naye akatikisa kichwa, na mimi nikawa tayari nimeshafika Sengerema moyoni, nimeshamwambia Sabina kwamba si yeye, si mtu yeyote, ni vidonge vya mende na herufi iliyokosewa.

Nilikuwa mlangoni nilipogeuka na kuuliza habari ya mtoto mchanga, ikiwa ana kosa hilo hilo.

"Wa kiume?" akauliza.

"Wa kiume."

"Ndiyo hatari zaidi. Anageuka njano siku za mwanzo. Njano ikizidi inapanda kichwani, anakataa titi, anajipinda..." Aliniona usoni akaacha.

Nilirudi kwenye benchi. Mzee wa kopo alikuwa ameshaondoka. Nilipanga kila kitu kama nilivyokuwa nikipanga ubaoni. Mwanamume hupata ukurasa ule kutoka kwa mama yake tu, kwa hiyo mimi nimeupata kwa mama. Mama anazo nakala mbili, moja nzima na moja yenye kosa, ndiyo maana yeye ni mzima. Nyanjiga naye anaweza kuwa amechukua ile yenye kosa, asijue, kwa kuwa ile nzima ya baba inamfunika. Mwanawe wa kiume hana cha kumfunika. Fulana nne, soksi, kofia, blanketi la rangi ya maziwa. Na Nyanjiga sasa alikuwa na mimba ya miezi saba, na sanduku la bati lilikuwa bado chini ya kitanda chake.

Kama asingekuwa na mimba, sijui kama ningemwambia. Nimejiuliza hilo mara nyingi na sijapata jibu linalonipendeza.

Nilikwenda Kiseke kwa miguu, nikipumzika kwenye kila mwamba. Wakati ule Kiseke ilikuwa bado mashamba, nyumba moja hapa nyingine kule. Nyanjiga alikuwa uani anachambua mchicha. Aliniinukia kwa shida, akanipa kigoda, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia akae. Nilianza kueleza daftari na nakala, kama ninavyoeleza siku zote, na nikaona anavyonisikiliza kwa heshima, akingoja nifike. Nikaacha hayo. Nikasema, "Mtoto hakufa kwa pepopunda. Ni zile nguo nilizokuletea. Vile vidonge. Kwa damu ya ukoo wetu ni sumu, na mimi nilivileta."

Alibaki ameshika jani la mchicha. Kisha akauliza, "Jambo hili la damu ya ukoo, uliwahi kulifundisha?"

"Nililifundisha."

"Miaka yote ile?"

"Miaka saba."

"Ukawafundisha watoto wa watu," alisema, "mimi ukaniletea sanduku."

Aliingia ndani, nikasikia bati likiburuzwa kwenye sakafu. Nilitaka kumsaidia kwa sababu ya mimba ile, akaniambia nisiguse. Alilileta mpaka mlangoni, akalifungua. Nguo zilikuwa zimekunjwa vizuri. Vidonge vilikuwa vimeyeyuka vikabaki kama punje za mtama, lakini harufu ilikuwepo. Aliniambia kwamba mwaka mzima, Masanja akiwa kazini, alikuwa akilifungua na kulalia uso kwenye blanketi, kwa kuwa harufu ile alidhani ndiyo ya mwanawe. Alilisema hilo bila kulia. Baada ya hapo akasema niondoke na sanduku, na nisirudi mpaka aniite.

Nililibeba mpaka nikaishiwa nguvu. Nilichimba shimo kwa kipande cha bati pembeni ya shamba la watu, nikazifukia nguo zile.

Mama nilimwambia wiki iliyofuata. Nilikwenda Majita kwa ajili hiyo. Nilimweleza kwamba si Sabina, na kwamba kosa lile nimelirithi kwake, na yeye kalirithi kwa wazazi wake bila hatia. Alisugua magoti. Ndipo aliponiambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kwamba kabla yangu alizaa wavulana wawili, wote wakageuka njano wakafa kabla hawajatoka nje. Mkwe wake alimwambia ana tumbo baya. Alikaa miaka minne akiogopa kuchukua mimba yangu. Sisemi kwamba wale wawili walikufa kwa jambo hili. Hakuna awezaye kujua sasa, na wakati ule vidonge vile havikuwa kijijini. Lakini mama alikuwa ameshajihukumu.

"Kwa hiyo nilimtendea mkeo," alisema, "kama nilivyotendewa mimi."

Alikwenda Sengerema mwenyewe. Mwanamke wa umri ule, kwenda kwa wakwe kuomba radhi. Sikuwepo, na hakuna aliyenisimulia lililosemwa kule. Najua tu kwamba Sabina alirudi mwezi wa Septemba, na kwamba sufuria ya mama ilibaki kwetu, ikitumika. Na mimi nilimwomba radhi kwa nafsi yangu, kwa kunyamaza kwangu. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na sikumsukuma. Alinitaka jambo moja tu, marobota yasirudi chumbani. Niliacha biashara ile kabisa. Nafundisha masomo ya ziada nyumbani, wanafunzi wanalipa kwa kadiri yao.

Kwa atakayesoma haya akiwa kwenye benchi kama nilivyokuwa mimi: mkojo ukigeuka mweusi, usifiche hata siku moja. Mwambie daktari kila dawa uliyomeza na kila kitu kilichomo chumbani mwako. Jibu la kwanza likikosa kuonyesha kitu, ulizia kama damu yako bado ni changa, na rudi. Nguo za kichanga zifuliwe na kukaa juani siku nyingi, na vidonge vile visiwekwe kabisa. Neema atabeba nakala yangu yenye kosa maisha yake yote, hilo ni hakika, hakuna binti yangu atakayelikwepa. Nimeshamwandikia barua ya kusoma akikua, na nyingine nimempa Sabina aitunze, kwa kuwa sijiamini tena mimi peke yangu kukumbuka kusema.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Masanja alipokuja Pasiansi kutuambia kwamba Nyanjiga amejifungua. Wa kiume. Nilikaa chini. Alikuwa amejifungulia hospitalini, na barua ya Generosa mkononi, niliyokuwa nimempa Masanja mapema ampelekee. Walichukua damu ya kitovu, nayo ikabaki kahawia. Siku ya pili mtoto akaanza njano. Wakamweka uchi chini ya taa, macho yamefungwa kitambaa, siku tano, na Nyanjiga akakaa kwenye kiti pembeni akikataa kwenda kulala. Masanja ndiye aliyetuletea habari kila jioni. Siku ya tatu alikuja akasema njano imefika tumboni. Akanywa maji, akarudi. Siku ya nne alisema imesimama. Siku ya sita mtoto alinyonya mpaka akatapika, na Masanja alitueleza habari za matapishi yale kama mtu anayesimulia harusi.

Mimi sikwenda. Nilikuwa nimeambiwa ningoje kuitwa.

Niliitwa baada ya siku arobaini. Sabina alitaka kubeba kitu, maana mjomba haendi kumwona mtoto mikono mitupu, lakini ujumbe aliotoa Nyanjiga ulikuwa nisibebe chochote. Tulifika Kiseke asubuhi, ardhi imelowa. Nyanjiga alikuwa amekonda, amejifunga kanga kifuani. Alimkumbatia Sabina. Mimi alinisalimia kwa mbali, akanionyesha ndoo ya maji na sabuni uani, na shati la Masanja lililokuwa limeanikwa kwenye kamba.

"Koga kwanza," alisema. "Uvae hilo."

Nilimwambia kwamba robota la mwisho niliuza miezi miwili iliyopita, na kwamba nguo zangu zimefuliwa.

"Najua," akasema. "Koga."

Nilikoga nyuma ya ukuta wa matofali, kwa maji ya baridi, nikajisugua mpaka makovu ya chale za mganga yakauma. Shati la Masanja lilikuwa pana, lina matone ya chokaa begani. Nilipotoka, Nyanjiga alinisogelea akainamisha uso karibu na kola, akavuta pumzi, kisha akavuta tena kwenye mikono yangu yote miwili. Nilisimama kama mtu anayepekuliwa. Alipotosheka aliingia ndani, akatoka na mtoto, akaniwekea mikononi, akabaki amesimama pale pale karibu, mkono wake ukiwa chini ya wangu.

Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Nikaalika ulimi mdomoni mwangu, kidogo tu, maana njano ikizidi huweza kuziba masikio, na mtoto akageuza kichwa upande wa sauti. Nyanjiga alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza toka siku ile ya mchicha. Mkono wake hakuuondoa.